Kiapo Kabla ya Lango Kufunguliwa

Jumamosi, tarehe kumi na sita Oktoba, mwaka wa 1999, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, wingu zito lilikuwa limeshuka kutoka mlimani na kuufunika mji wa Embu, na mvua ya kwanza ya vuli ilikuwa ikinyesha bila haraka, kama mtu aliyefika kazini mapema akaamua kuwasubiri wenzake.

Kivuti Nyaga alikuwa amefika mapema kuliko mvua. Alilelewa katika shule ya bweni ambako kengele ilikuwa na amri kuliko mzazi, na tangu atoke huko hakuwahi kuchelewa mahali popote, hata pale ambapo hakuna aliyekuwa akimngojea. Sasa alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule moja upande wa Runyenjes; mwanamume mrefu, mwenye kola iliyonyooshwa vizuri na kauli fupi, ambaye wanafunzi walimwogopa darasani na kumkumbuka kwa shukrani wakishamaliza mitihani. Asubuhi hiyo alikuwa ameketi katika chumba cha nyuma cha duka la vitambaa la Mbarak, mbele ya kompyuta, mikono magotini, macho kwenye mlango.

"Mwalimu," Mbarak alisema, "lango liko kwenye kioo. Huo unaoutazama ni mlango wangu tu, nao umefunguliwa tangu saa moja."

"Naangalia mvua."

"Mvua haijasuka nywele." Mbarak alicheka, akageuka kufunga vizuri waya wa simu ukutani. Alikuwa mtu wa mjini, mjukuu wa wachuuzi walioingia Embu zamani na kuoa humo humo, na ndiye aliyekuwa wa kwanza katika mtaa ule kuthubutu kuweka kompyuta nyuma ya majora ya khanga na suti. Mchana alifundisha watu kuandika barua kwa mashine hizo. Wateja wakiisha, yeye na rafiki zake wachache walikaa humo wakiota nchi nyingine.

Nchi hiyo iliitwa Ardumeni. Ilikuwa imo ndani ya mchezo mpya wa kompyuta ambao ungefunguliwa asubuhi hiyo saa nne kamili, wakati mmoja, kwa dunia nzima. Haikuwa kama michezo waliyoizoea, ambayo ukizima umeme inakufa. Waliotengeneza Ardumeni waliahidi kwamba maelfu ya watu wangeingia pamoja kwa njia ya simu, kila mmoja akichagua atakuwa nani, na kwamba ukienda kulala jua la kule litaendelea kuchomoza na kutua bila wewe. Kwa miezi mingi kundi la Mbarak lilikuwa limeyasoma maneno hayo katika magazeti ya kompyuta yaliyoletwa na binamu yake kutoka Dubai, likayachambua kama mkataba.

"Wakitudanganya je?" aliuliza Felicitas. Alikuwa muuguzi, amevaa sare bado, ametoka zamu ya usiku akaja moja kwa moja. "Tufungue tukute miti mitatu na mbuzi?"

"Mbuzi nitamnunua," Mbarak alisema. "Mimi naenda kufungua duka kule."

"Una duka hapa!"

"Hapa kila mteja ni shemeji. Kule sina shemeji hata mmoja. Nawe? Utatibu watu?"

"Nitibu tena? Nimetibu usiku kucha! Mimi nimechagua panga, Mbarak. Panga refu. Nataka wao ndio waniogope."

Walicheka wote wawili. Kivuti hakucheka, ingawa matumaini yake yalikuwa makubwa kuliko ya wenzake. Alikuwa akiitamani Ardumeni kwa sababu alielezwa kwamba sheria zake ni moja kwa mkubwa na mdogo, na kwamba anayefanya kazi kwa bidii hupanda, na mvivu hubaki alipo. Nchi ya namna hiyo alikuwa ameitafuta tangu ujana wake. Hata hivyo, tangu majuma mawili yaliyopita, kila alipoiwaza nchi hiyo, aliyasikia maneno ya Nkirote aliyoyatamka katika chumba hicho hicho, mwezi Agosti, kidevu chake kikiwa juu ya kiganja.

"Mimi sitaki cheo," alikuwa amesema. "Nataka nyumba kando ya mto, na jirani anayejua kubisha hodi."

Alimtazama Kivuti aliposema hivyo. Na Kivuti, ambaye aliweza kusimama mbele ya wakaguzi wa elimu bila kupepesa jicho, aliinamisha kichwa akajifanya anatafuta kalamu.

Nkirote alitoka Mitunguu, huko chini kwenye joto, ambako maji ya mifereji hulisha migomba mpaka macho yanachoka kuitazama. Alikuwa akifanya kazi kwenye chama cha wakulima wa ndizi, na alikuja Embu kujifunza kompyuta ili chama kiache kuandikiana kwa mkono. Alijifunza upesi. Alicheka kwa sauti. Alimwita Kivuti "Mwalimu" kwa namna ambayo jina hilo, alilolisikia kila siku ya kazi, lilimfikia kama jipya. Kufikia Agosti wazee wa pande zote mbili walikuwa wamekwisha kusalimiana, na ilikubaliwa kwamba Desemba watu wa Kivuti wangeshuka kwenda Mitunguu kubisha hodi rasmi kwa posa.

Kisha Kivuti akafanya kosa.

Waliotengeneza mchezo waliruhusu watu wajiandikishe mapema na kuunda koo, ili siku ya kufunguliwa lango kila ukoo uingie pamoja. Kivuti aliunda Ukoo wa Mwamba akawa mkuu wake. Akamwandikisha Mbarak, akamwandikisha Felicitas, na kwa kuwa Nkirote alikuwa Mitunguu siku hiyo, akamwandikisha naye, mkono wake wa kuume, mahali pa heshima. Ili kuukamilisha ukoo, mchezo ulidai kiapo: ilitokea picha ya kikombe cha jiwe, na kila mwana ukoo alitakiwa kudondosha humo tone la damu na kuwa ndugu wa wenzake maisha yote. Kivuti alisoma kila mstari, kwa maana hakuwahi kutia sahihi jambo asilolisoma. Akakubali kwa niaba ya wote.

Nkirote alilisimulia jambo hilo nyumbani wakati wa chakula cha jioni, akicheka. Baba yake, Mzee Misheck, aliweka kijiko chini. Kwao Wameru, kuchanganya damu si mchezo. Huitwa gichiaro: nyumba zilizokula kiapo hicho haziwezi kunyimana kitu, haziwezi kudhuriana, na haziwezi kamwe kuozana.

"Basi mwalimu amekufanya dada yake," mzee alisema. Hakukigusa tena kile chakula.

Siku iliyofuata Nkirote alikuja Embu. Alisimama hapo mlangoni, vumbi la barabara kwenye viatu vyake, akaomba kitu kimoja. "Njoo nyumbani, Kivuti. Mwambie baba 'nimekosa.' Neno moja tu. Ni mzee, ukimwinamia kidogo atainuka."

Kivuti alinyoosha mgongo. "Siombi msamaha kwa kosa nisilolitenda. Ule ni mchezo. Baba yako ni mtu wa akili, atauona ukweli."

"Sikukuuliza nani ana ukweli."

"Lakini mimi hilo ndilo ninalolijibu."

Nkirote aligeuka. Kisha akaondoka. Tangu siku ile hakupiga simu dukani kwa Mbarak, hakutuma salamu, na habari pekee iliyofika kutoka Mitunguu ilikuwa kwamba Mzee Misheck amewaambia ndugu zake wasijisumbue kwa Desemba.

Ndiyo maana Kivuti alikuwa akiutazama mlango.

Ilipokaribia saa tatu na robo, pikapu ya kubebea ndizi ilisimama mbele ya duka, turubai lake likitiririka maji. Mlango wa dereva haukufunguka; wa upande wa pili ndio uliofunguka, akashuka mzee mwenye kofia ya kahawia na koti la mvua, na nyuma yake msichana mwenye mwavuli wa buluu. Kivuti aliinuka kwa ghafla hata kiti kikaanguka.

"Yallah," Mbarak alinong'ona. "Amekuja na mahakama."

Mzee Misheck aliingia, akapangusa viatu kwa uangalifu kuliko ilivyohitajika, akamkabidhi Mbarak kichane cha ndizi zilizoiva. "Mwenye nyumba, hii ni yako. Mtu haingii nyumba ya watu mikono tupu."

"Karibu, mzee wangu, karibu sana. Keti hapa, hiki hakina msumari."

"Muga," mzee alimsalimu Kivuti, kwa lugha ya kwao, na kwa sauti isiyo na joto wala baridi.

"Shikamoo, mzee." Kivuti aliinama. Kisha macho yake yakahama bila ruhusa yake. "Habari za safari, Nkirote."

"Njema, Mwalimu."

Mwalimu. Neno lile lile, lakini safari hii lilitamkwa kama jina lililo kwenye bahasha. Alikuwa amekonda kidogo. Nywele alikuwa amezisuka upya, na tone la maji lilikuwa limekwama juu ya sikio lake, likitetemeka kila alipopumua. Kivuti alitamani sana kulifuta. Alishika mikono yake nyuma ya mgongo.

Mzee Misheck aliketi, akavua kofia, akaiweka gotini. "Mimi sikuja kugombana," alisema. "Mimi nimekuja kuona. Hii msichana ananiambia ni mchezo, ni picha tu, baba. Nikasema sawa, nipeleke nione hiyo picha. Iko wapi damu?"

Felicitas alisogea. Kivuti alibonyeza vitufe, na kikombe cha jiwe kikatokea kwenye kioo, na ndani yake matone manne mekundu, na chini yake majina manne.

Mzee aliinama akakisogelea. "Hii ni nani?"

"Ni mimi, mzee."

"Na hii kando yako?"

"Ni Nkirote."

"Mh." Alihesabu matone kwa kidole. "Mwalimu, ulikunywa damu ya mtoto wangu?"

"La, mzee. Hakuna aliyekunywa kitu. Ni rangi."

"Lakini kuna maneno ya kiapo."

"Yapo."

"Uliyasoma?"

Nyuma ya mgongo wa mzee, Mbarak alikuwa akitikisa kichwa kwa nguvu, akichezesha midomo: sema hukusoma, sema hukusoma! Kivuti alimwona. Angeweza kabisa kusema hivyo. Watu wengi hubonyeza bila kusoma, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Niliyasoma yote," alisema.

"Ukakubali?"

"Nilikubali."

Mbarak aliufunika uso kwa jora la kitambaa. Mzee Misheck alinyooka, na kwa mara ya kwanza alimtazama Kivuti kwa kitu kilichofanana na heshima. Lakini heshima hiyo haikumsaidia.

"Hupendi uongo. Hiyo ni nzuri. Lakini umejifunga mwenyewe. Mtu akisoma kiapo, akakubali, akaweka damu yake na damu ya msichana ndani ya kikombe moja, mimi nitaita hiyo nini? Baba yangu alikula gichiaro na mtu wa Tharaka. Walikuwa maadui. Mpaka leo, mtoto wa huyo mtu akija usiku aniambie nataka ng'ombe, mimi siulizi kwa nini. Natoa. Na mtoto wake hawezi kutazama mtoto wangu kwa hiyo macho yako wewe unaangalia nayo huyu."

Felicitas alikohoa. Kivuti alihisi masikio yake yakiwaka.

"Mzee, kwa heshima," alisema, "mimi ni Mwembu. Sikuijua desturi hiyo."

"Sasa unaijua."

"Naijua. Na nasema kwamba kiapo cha kweli kinahitaji watu wawili wenye nia. Nkirote hakuwepo."

"Kwa hivyo ulimwapisha bila yeye kujua? Hiyo ni mbaya zaidi!"

Mzee aliinua kofia yake kutoka gotini, na Kivuti aliuona mkono ule ukiipeleka kofia kichwani polepole, akajua kwamba ikishakaa mahali pake, Desemba haitakuwepo tena.

"Baba," Nkirote alisema. "Ngoja kidogo."

Alikuwa amesimama kando ya dirisha muda huo wote. Alisogea mbele, akasimama kati yao, mikono ameifumbata.

"Umesema mtu wa gichiaro akikuomba kitu, huwezi kumnyima."

"Huwezi."

"Hata akiomba ng'ombe."

"Hata akiomba ng'ombe ya mwisho."

"Na mwalimu huyu, kama kweli ni ndugu yangu wa damu, mimi nikimwomba kitu hawezi kuninyima?"

"Hawezi. Akikunyima..." Mzee alisita. "Hiyo haiwezekani. Atapata laana."

"Mimi nilimwomba, baba." Sauti yake haikupanda, ila ilitikisika mahali pamoja, na kila mtu chumbani alipasikia mahali hapo. "Nilisimama pale mlangoni nikamwomba. Sikumwomba ng'ombe. Nilimwomba neno moja. Neno ambalo mtoto mdogo anajua kulisema akimwaga maziwa. Akaninyima."

Mvua ilisikika juu ya mabati.

"Ni kweli?" mzee aliuliza.

Kwa majuma mawili Kivuti alikuwa amekuita kukataa kule msimamo. Alikuwa ameusimulia moyoni mwake kwa maneno mazuri: heshima, haki, kutoyumba. Sasa aliusikia ukisimuliwa kwa jina lake halisi, mbele ya watu, na mdomo aliotamani kuubusu.

"Ni kweli, mzee. Nilimnyima."

"Ulimnyima neno?"

"Nilimnyima."

Mzee Misheck alimtazama binti yake, akamtazama mwalimu, akakitazama kile kikombe kwenye kioo. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Mwanzoni Kivuti alidhani amekabwa na kikohozi. Mzee alikuwa anacheka.

"Basi hakuna gichiaro!" alisema, akipiga goti lake. "Gichiaro gani hii, mtu ananyima dada yake neno? Hii ni mvulana wa kawaida tu! Ni kiburi ya kawaida!" Akafuta macho kwa kofia. "Beth alinionya. Alisema, Misheck, wewe na huyo mwalimu mko na shingo moja. Nilikataa. Sasa naona."

Beth alikuwa mkewe, na ilionekana wazi kwamba safari hii haikuanzia kichwani mwa mzee.

"Lakini," aliendelea, kicheko kikipungua, "maneno bado imeandikwa pale. Mimi nikienda nyumbani, wazee wakiuliza kama jina ya msichana bado iko kwa kikombe, nitasema nini?"

Mbarak alijitokeza kutoka nyuma ya jora lake. "Mzee, hilo lina dawa. Lango likifunguliwa saa nne, mchezo utauliza kila mtu mara ya pili: unathibitisha kiapo, ndiyo au hapana? Anayesema hapana, anatoka katika ukoo."

"Basi aseme hapana!"

"Ndiyo, lakini..." Mbarak alimtupia Kivuti jicho la huruma. "Anayesema hapana anaingia mtupu. Mwalimu ni mkuu wa ukoo. Jina lake limehifadhiwa tangu Septemba. Kuna ngao, kuna farasi, kuna ardhi ya waliojiandikisha mapema. Vyote hivyo vitapotea. Itakuwa kama mtu aliyeshuka stendi bila hata mkoba."

"Nami nitabaki na ukoo bila mkuu," Felicitas aliguna. "Na panga langu hili peke yangu."

Nkirote alitazama dirishani, na Kivuti alielewa kwamba hatamwomba tena. Aliwahi kumwomba.

Saa nne kasoro dakika kumi, simu ilikatika.

Ilianza kwa Mbarak kupiga kelele, kisha kila mtu akawa amesimama. Mvua ilikuwa imeongezeka, na mahali fulani kati ya duka na nguzo waya ulikuwa umelowa. Mbarak aliuchomoa, akaukausha kwa shati lake mwenyewe, akauchomeka. Sanduku dogo lililounganisha kompyuta na simu lililia, likakoroma, likanyamaza.

"Tena," Kivuti alisema.

"Ninajaribu, Mwalimu!"

"Kwa nini mnahangaika?" mzee aliuliza. "Si mnaweza kuingia kesho?"

"Kesho naweza," Kivuti alijibu, "lakini lango linafunguliwa leo, na nimekwisha kuchelewa majuma mawili."

Nkirote alikuwa ameshika upande mmoja wa waya, Kivuti upande wa pili, wakiuinua usiguse sakafu yenye maji, na vidole vyao vilikuwa karibu mno. Hakuna aliyevisogeza. Sanduku lililia tena, likapiga mluzi mrefu, likatulia. Taa yake ikawaka kijani.

"Imeshika!" Felicitas alipaza sauti. "Imeshika, jamani!"

Saa nne ikagonga. Kioo kikawa cheusi. Kisha lango likatokea, refu kuliko walivyoliona kwenye magazeti, la mawe yaliyoota nyasi, likafunguka pole pole, na nyuma yake kulikuwa na bonde na mto na ukungu unaoinuka, na watu. Watu kweli. Walikuwa wakipita kwa makumi, wengine wakikimbia, mmoja akirukaruka papo hapo bila sababu, na juu ya kichwa cha kila mmoja jina ambalo mtu fulani, katika nchi fulani, alikuwa amelichagua.

"Mungu wangu," Felicitas alisema kwa upole. "Hawakutudanganya."

Hata mzee alikuwa amesimama. "Hao wote wako hai?"

"Wote, mzee. Kila mmoja ameketi mahali kama sisi."

Swali likatokea katikati ya kioo: Je, unathibitisha kiapo cha Ukoo wa Mwamba? Kivuti alilisoma mpaka mwisho, kwa maana alisoma kila kitu mpaka mwisho. Aliiona ngao yake pembeni, na farasi mweusi aliyemwota tangu Septemba. Kisha akabonyeza hapana.

Ngao ikatoweka. Farasi akatoweka. Kikombe cha jiwe kikapasuka vipande viwili, na jina lake likafutika, na la Nkirote, lililoandikwa chini ya mamlaka yake, likafutika nalo. Mkuu wa Ukoo wa Mwamba akawa mtu mmoja mwenye kanzu ya gunia, peku, amesimama kwenye nyasi huku wengine wakimpita kwa farasi.

"Ni huyo?" mzee aliuliza.

"Ndiye mimi, mzee."

"Sasa huna ukoo."

"Sina."

"Na nani atampa mtu asiye na ukoo msichana?" Mzee aliuliza kwa ukali, akamwangalia Kivuti akipauka, kisha akaivaa kofia yake huku akitabasamu. "Kule sijui. Hapa uko na baba na mama, nimewaona. Waambie Desemba iko pale pale. Na waje mapema. Mimi sipendi watu wanachelewa."

Kivuti aliinama mara mbili akimshukuru. Mbarak alikuwa akimpigapiga mgongoni. Felicitas alikuwa akicheka na kupiga miayo kwa pamoja. Mzee tayari alikuwa amemenya ndizi moja katika zile alizozileta, akimwuliza Mbarak kama kule ndani watu wanalima.

Nkirote peke yake ndiye aliyekuwa bado amesimama kando ya kompyuta ya pili, iliyotumia simu ile ile. Alikuwa ameingia, naye peku, naye na kanzu ya gunia. Alimtembeza mtu wake mpaka ukingoni mwa mto, akamsimamisha hapo.

Kivuti alimfuata. Ilimchukua muda, hakuwa na farasi. Alipofika akaweka vidole juu ya vitufe, akaanza kuandika, herufi moja baada ya nyingine. Mkono wa Nkirote ukaja ukavifunika vitufe.

"La," alisema kwa sauti ya chini. "Umemlipa baba. Na umelipa vizuri, nimeona. Lakini mimi sijalipwa."

"Najua."

"Na si kwa vidole."

Kivuti aligeuka. Alikuwa amezoea kusimama anapotaka kusema jambo zito, lakini safari hii alibaki amekaa, ili amtazame kutoka chini kwenda juu. Aliwasikia wote watatu wakijifanya hawasikilizi.

"Nilikuandika pasipo kukuuliza," alisema. "Uliponiomba neno, nikakupa hoja. Nilikosa, Nkirote. Nisamehe."

Lile tone la maji lilikuwa limekwisha kukauka juu ya sikio lake. Alimtazama Kivuti kwa muda, kama anayekagua kazi ya mwanafunzi anayempenda na asiyetaka kumpendelea. Kisha akauondoa mkono wake juu ya vitufe, na badala ya kuurudisha kwake, akauweka juu ya mkono wa Kivuti.

"Hapo sawa, Kivuti," alisema. "Sasa sikudai kitu."